Mama Mkwe wa Saa Kumi

Eudosia Zegarra hakuwahi kuolewa wala kuzaa, lakini kwa miaka kumi na mmoja mji mzima wa Arequipa ulimjua kama mama mkwe mbaya kuliko wote duniani. Kila siku saa kumi alasiri, redio yetu ilipoanza kurusha mchezo wa kuigiza, wafua nguo waliacha sabuni na mafundi viatu waliweka nyundo chini, wamsikie akiigiza Doña Perpetua, yule bibi anayemtesa mke wa mwanawe. Mimi nilikuwa mtengeneza milio: milango inayobamizwa, sahani zinazovunjika, farasi wanaopita. Nikimtazama pale kwenye maikrofoni, mwanamke mfupi, sweta imetiwa viraka viwikoni, miwani imemshuka puani, nilishindwa kuelewa sauti ile ilikuwa ikitoka wapi.

Sauti hiyo ilimponza. Siku moja sokoni aliuliza bei ya viazi kwa Saturnina Huarca, muuzaji mwenye misuko miwili mirefu. Yule mama akainua uso polepole.

"Hebu sema tena."

"Nimeuliza, hivi vyeupe bei gani?"

"Ni yeye! Jamani, ni yeye! Mtoto wa watu umemfukuza na mimba yake mvua inanyesha, halafu unakuja kutaka viazi vyangu?"

"Mama, ule ni mchezo tu. Mimi nasoma karatasi."

"Na karatasi ndiyo iliyokufundisha kucheka vile? Toka hapa, mchawi we!"

Soko zima likaangua kicheko. Tangu hapo Eudosia akawa ananunua vitu kwa kunyoosha kidole, kama bubu. Hata kanisani alisali kimoyomoyo.

"Unajua kinachoniuma?" aliniambia. "Ningekuwa nimewakosea, ningewaomba radhi. Sasa nianzie wapi?"

Kisha, mchana mmoja wa Januari, likaja tetemeko. Kuta za mawe meupe zilipasuka, minara ikaanguka, umeme na simu vikakatika. Redio yetu ilikuwa na jenereta, nayo kwa bahati ilikuwa nzima. Mtangazaji alikuwa amekimbia kutafuta watoto wake. Eudosia alifuta vumbi kwenye maikrofoni, akaketi.

Watu walianza kuleta majina kwenye vikaratasi, naye akayasoma taratibu, moja baada ya jingine. "Ludgarda Chirinos yuko hai, yuko uwanjani, amevunjika mguu, anaomba blanketi." Wenye redio za betri waliziweka madirishani ili mtaa mzima usikie. Alisoma siku hiyo na siku ya pili, tumboni hana kitu ila chai ya majani ya koka.

Siku hiyo ya pili akaingia Saturnina, vumbi limemjaa kwenye misuko. Mwanawe Fermín, mwashi, alikuwa hajaonekana. Wakatazamana.

"Ni mimi tena, mama," Eudosia alisema.

"Najua ni wewe. Mwite kwa ile sauti yako ya ukali. Kijana wangu anaiogopa ile. Akiisikia, ataitika."

Eudosia alivua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu tetemeko, Doña Perpetua akasikika hewani:

"Fermín Huarca! Mama yako yuko hapa, hajala tangu jana! Popote ulipo, njoo redioni sasa hivi, usinifanye nikufuate mwenyewe!"

Hazikupita saa mbili, kijana akatokea, kofia juu ya kichwa kilichofungwa kitambaa. Kabla hajamkumbatia mama yake, alimvulia Eudosia kofia.

"Nimekuja, Doña Perpetua," alisema. Saturnina akacheka na kulia kwa pamoja.

Mchezo uliporudi hewani, mwandishi alitaka Perpetua atubu, maana sasa mji ulikuwa unampenda. Eudosia akakataa katakata. "Akitubu, hawa watu watamtukana nani saa kumi? Waachie." Akaendelea kuwa mbaya miaka minne zaidi, mpaka watu walipoanza kununua televisheni na mchezo ukafungwa. Alihamia Camaná kwa dada yake, akafuga kuku.

Nilipomtembelea huko, nilimuuliza ni kipindi gani kilikuwa kigumu kuliko vyote.

"Siku zile mbili," alijibu. "Ukikosea neno kwenye mchezo, watu wanacheka. Pale nilikuwa naogopa kukosea jina moja, mama wa mtu akalia bure."