Na Njia ya Maji Amepewa Nani?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ambayo kaka zangu watatu waligawana shamba la baba yetu kwa neno moja la Kizungu, na mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Nimelisikia tena Jumapili iliyopita. Nilikuwa jikoni nachuja chai, nanyi mko sebuleni mkidhani mama yenu hasikii vizuri siku hizi. Ukamwambia mdogo wako, "Mathe akishapumzika, hii ploti tutadivvy up tu, kila mtu na kipande yake." Mkacheka. Masikio yangu ni mazima kabisa. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo wageni wameenda, kwa hivyo weka simu chini unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kitengela ilikuwa bado maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na waliopita mbele ya maduka hayo walikuwa ng'ombe zaidi ya magari. Baba yetu alikuwa amefariki. Shamba lake lilianzia hapa juu kwenye boma, likateremka hadi mtoni, na katikati yake ilipita njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji, pana, iliyokanyagwa tangu enzi za babu mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa njia tu, na kila mwenye mnyama aliipita.

Lemayian, kaka mkubwa, alikuwa karani Nairobi. Alikuja na sovea wa kupima ardhi, yeye mwenyewe na tai shingoni, katika jua la Kajiado unalolijua. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameketi wakitaka jambo liende taratibu, kila mmoja aseme lake, marehemu atajwe, kisha mipaka ndiyo ifuate. Lemayian hakuwapa nafasi.

"Wazee, hii haina maneno mingi," akasema. "Tunadivvy up tu, halafu kila mtu anachukua yake."

Alilitamka kama mtu anayekata keki ya arusi! Shamba ambalo baba alichungia ng'ombe tangu utotoni, na kaburi lake bado halijaota nyasi. Wale kaka zangu wengine wawili wakalipenda neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni, halina baba ndani yake wala machozi. Watoto wa boma nao wakawa wanamfuata sovea wakiimba "divi, divi." Mimi nilikuwa msichana mkubwa, lakini sikuulizwa lolote. Nilitumwa chai. Hilo nalo lina hasira yake, nitalifikia.

Mawe ya mipaka yakapandwa. Lemayian alipata kule chini mtoni, wale wawili katikati, na mama akaachiwa huku juu kwenye boma. Vipande vilikuwa sawa kwa sawa, hakuna aliyepunjwa. Hapo ndipo mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya wazee, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Na njia ya maji amepewa nani?"

Lemayian akacheka. "Yeyo, usijali," akamwambia, kwa maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. "Sisi si ni watoto wako? Nani atakufungia njia?"

Mzee mmoja alikohoa akitaka kusema kitu, lakini sovea alikuwa ameshakunja kamba yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, ila mara nyingine guu linalovunjika ni la huyo mkuu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

Haukupita muda Lemayian akauza kipande chake kwa bwana mmoja wa mjini. Simlaumu bwana huyo. Kwenye karatasi alizoonyeshwa hakukuwa na njia, basi akazungusha seng'enge pande zote. Wale kaka wawili waliacha kwao wazi, lakini njia isiyofika mtoni ni ya kwenda wapi?

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mvua ikatukatalia. Mama alikuwa amebaki na ng'ombe wachache, na aliyekuwa akikamuliwa ni mmoja tu, mwekundu, tukimwita Nanyokie. Maziwa yake ndiyo yaliyokulea wewe. Ulikuwa na meno mawili, na mimi kifua kilikuwa kimekauka. Kila asubuhi ng'ombe walishika njia yao ya zamani mpaka kwenye seng'enge, wakasimama pale wakinusa maji. Mto uko palepale, wanausikia, na hawawezi kuufikia.

Mama akaanza kuwazungusha kwa lami, katikati ya malori yanayokimbilia mpakani. Niliwaendea kaka zangu. Wawili wakaniambia, "Ongea na Lemayian, yeye ndiye aliuza." Lemayian akaniambia, "Mimi niliuza yangu. Si tulidivvy up?" Unaona neno jepesi linavyomnawisha mtu mikono?

Basi Jumamosi moja, mchana peupe, lori likamgonga Nanyokie. Nilifika nikikimbia, nimekubeba mgongoni, nikamkuta amelala kwenye lami, maziwa yanachuruzika pamoja na damu. Mama hakuumia. Watu walikuwa wameshajaa, wengine na visu mkononi wakitaka nyama, naye akawazuia, akaagiza wanawe wote watatu waitwe.

Walipofika, alichukua kisu kwa mtu mmoja, akamnyooshea Lemayian. Hakulia.

"Huyu ndiye alikuwa amebaki wa maziwa," akasema. "Lile neno lenu la Kizungu mnalijua. Haya, gawaneni."

"Yeyo..."

"Kila mtu achukue yake. Sawa kwa sawa. Mimi mniachie kengele ya shingoni mwake."

Hakuna aliyekipokea kisu. Lemayian aliketi kwenye vumbi na suruali yake ya Nairobi, akalia mbele ya madereva na akina mama wauza shanga. Lakini majuto ni mjukuu, na machozi hayafungui seng'enge. Mama alizunguka kwa lami mpaka ng'ombe wake wakaisha. Kengele ndiyo ile pale ukutani, mnayoipanguza vumbi Krismasi mkidhani ni pambo.

Sasa nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kugawa. Mama aliniachia mimi huku juu, na nikiondoka ni haki yenu. Lakini kabla hamjapima vipande, ketini kwanza mtenge kile ambacho hakitakuwa cha mtu. Dada yenu aketi mbele pamoja nanyi, asitumwe chai. Na mtu akiuliza swali kutoka nyuma, msimcheke, nyamazeni mpaka mpate jibu. Hapa kwetu geti ni moja na kisima ni kimoja. Jumapili, katika kucheka kwenu kote, sikusikia geti amepewa nani.

Mungu awajalie mengi ya kugawana, na katika hayo yote awabakishie kimoja ambacho hakuna atakayesema ni changu. Milango yenu ielekeane, na wanyama wenu na watoto wenu wanywe maji bila kuzunguka. Itikia "Naai," mwanangu, kama tunavyoitikia baraka. Kwa sauti, maana mama yenu hasikii vizuri siku hizi.