Siku Niliyopeleka Chuma cha Mwalimu Kwenye Mizani ya Korosho

Nimefika umri ambao mtu husamehewa mengi, lakini jambo hili likinijia, hata nikiwa peke yangu jikoni, najikuta nimejifunika uso kwa kanga kana kwamba wale watu wa ghalani bado wamesimama mbele yangu. Wengi wao wamekwisha kufa, Mungu awarehemu. Aibu haikufa nao.

Nalitoa leo kwa sababu ya mkwe wangu Fatma. Juzi aliniuliza kama ni sawa mtoto wa shule kupelekwa jimu kunyanyua vyuma, maana baba wa mtoto anataka na yeye hataki, na wote wawili wakanigeukia mimi niamue kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikaendelea kuchambua mchele wangu. Wakadhani sijui jimu ni nini. Naijua sana, sisi tulikuwa nayo kijijini kabla wao hawajazaliwa, ila haikuwa na jina hilo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Ruangwa yetu bado iko chini ya Nachingwea, nasi tumeshahamishiwa barabarani upande wa kwenda Nambilanje. Akaletwa mwalimu kutoka Bukoba, jina lake Deogratias, sisi tukamwita Mwalimu Deo, kijana mrefu, mpole, akikuona uko mbali shambani anasimama kwanza akusalimie. Huyu aliona vile vyuma vya matrekta ya Wazungu wa ule mradi wa karanga uliokufa, vilivyotapakaa Nachingwea, akaokota magurudumu madogo yenye meno, akayachomeka kwenye mabomba mafupi, akayapanga ndani ya banda tupu la shule, na kila Jumanne na Alhamisi watoto wa darasa la tano na la sita, wa kike na wa kiume, wakawa wanaingia kunyanyua. Yeye aliyaita mazoezi ya viungo. Sisi tuliita vyuma.

Binti yangu wa kwanza, Zainabu, alikuwa darasa la tano. Mwaka ule nilikuwa nimemzaa Hamisi, na tangu nijifungue Zainabu akawa anaamka shingo imekakamaa, hawezi kugeuka, nampaka mafuta ya ufuta ya moto, ananung'unika kidogo, anakwenda shule. Siku moja nikamsimulia jirani yangu Binti Hemedi. Aliacha kutwanga, akashika mchi kifuani.

"Mwenzangu, si vile vyuma? Mtoto akinyanyua chuma harefuki. Na wa kike ndiyo kabisa, kizazi kinashuka. Utakuja kulia huna mjukuu."

Kizazi cha mwanangu! Sasa hapo palikuwa na njia mbili fupi, kumuuliza Zainabu mwenyewe, ambaye alikuwa hatua tano kutoka kwangu anachambua kisamvu, au kwenda ofisini kwa mwalimu. Zainabu sikumuuliza (wakati ule mtoto alikuwa anaulizwa nini?). Ofisini niliogopa, mimi niliishia darasa la pili, na nilijua mwalimu akianza kusema kwa mpangilio wake nitabaki kuitikia ndiyo, ndiyo, mpaka nitoke nje sijui nilichofuata. Basi nikaamua kilo ndizo zinisemee. Siku ya kupima korosho kijiji kizima kiko ghalani na karani ana mizani, nitakipeleka chuma pale watu wajionee. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu, wala haukuninyima usingizi.

Siku ilipofika, alasiri, nikamtuma Zainabu kisimani, nikamfunga Hamisi mgongoni, nikapitia bandani ambako hakukuwa na mlango wa kufunga, nikachukua chuma kilichoandikwa kwa chaki darasa la tano, nikajitwika. Nilitembea nacho hadi ghalani wala sikuhema. Hapo tu ningeshtuka, lakini mtu mwenye hasira hapimi kilicho kichwani mwake.

"Mama Zainabu!" akaniita karani, Issa Mkwinda, mtu wa utani sana. "Korosho zako mwaka huu zimekomaa kweli!"

Watu wakacheka. Sikucheka. Nikakitua chuma mbele ya mwenyekiti wetu, Mzee Rashidi Nandonde, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, na bahati mbaya yangu Mwalimu Deo naye alikuwa papo hapo, ameleta korosho za shamba la shule. Nikamwonyesha kwa kidole. (Nilimwonyesha mwalimu kwa kidole. Mkono huuhuu.)

"Mtu wa kuja huyu anatuulia watoto! Wangu hawezi kugeuza shingo! Huko kwenu Bukoba mnashiba ndizi, wetu wanakula ugali wa muhogo, miili si sawa! Chuma hiki ndicho anachobebeshwa mtoto wa kike! Kipimeni!"

Mwalimu akafungua kinywa, lakini akinamama walikwisha kuanza kelele, akakifunga. Mzee Nandonde akainua mkono.

"Shingo ya mtoto si mchezo. Issa, pima. Tukiona chuma kimezidi, banda nalifunga leo, na barua inakwenda Nachingwea huyu bwana ahamishwe."

Issa akakiweka, akasogeza kipimo. "Kilo nane."

"Nane!" Binti Hemedi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Nane kwa mtoto!" Wakadaka wengine, nane, nane, na mimi nikasimama katikati yao najiona mbunge. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa anaangalia viatu vyake tu, na nisiseme uongo, nilifurahi.

Ningeondoka pale pale nikiwa mshindi. Lakini njia ya kutoka kisimani inapita ubavuni mwa ghala, na Zainabu akatokea kutoka bondeni na debe kichwani, anakwenda polepole, macho mbele. Issa akashindwa kuuzuia utani wake.

"Na debe nalo tulipime, mama, ili mwalimu asiseme tumempendelea mzazi?"

Nikajibu, ulimi umeshapata moto, "Pima! Maji tunabeba tangu bibi zetu, hayajamuua mtu!"

Wakamtua Zainabu debe, wakaliweka juu ya mizani. Issa akasogeza kipimo, akasogeza tena. Akaacha kucheka.

"Kumi na nane na nusu. Na mengine yamemwagika njiani."

Hakuna aliyedaka. Mzee Nandonde akashuka kwenye magunia, akamwita mtoto kwa upole, na Zainabu aliposikia jina lake hakugeuza kichwa, aligeuka mwili wote, mabega na miguu, kama anayesukuma mlango mzito. Watu wote waliona. Nami niliona, na naapa ilikuwa mara ya kwanza kuona, ingawa nilikuwa namwona kila siku.

"Unachota mara ngapi, mjukuu wangu?"

"Mara nne, babu. Mbili kabla ya shule. Tangu mama ajifungue."

"Na vyuma vya mwalimu, unanyanyua mara ngapi?"

"Sinyanyui, babu." Akanitazama kwa woga, kama vile ndiye aliyekosa. "Mwalimu alinikataza siku ya kwanza, aliiona shingo. Mimi nawahesabia wenzangu."

Ndipo mwalimu akasema, tena kwa sauti ya chini, "Mama Zainabu, nilikuita mara mbili. Nilimtuma yeye mwenyewe."

Alimtuma kweli. Mara zote mbili nilijibu, mwambie mwalimu wako nina mtoto mchanga, sina nafasi.

Nyuma yangu nikamsikia Binti Hemedi akimwambia mtu, "Mimi nilisema vyuma kwa jumla tu."

Nilitaka kutoweka. Nikaliinua debe, nikajitwika mwenyewe, Hamisi mgongoni ameamka analia, nikapiga hatua, na Issa (hakuwa na nia mbaya, alikuwa na foleni) akaniita, "Mama, na chuma chako! Watu wapime korosho!" Nikarudi. Nikakichukua kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeshika debe, maji yananimwagikia usoni, na hilo lilinifaa maana hakuna aliyejua yapi ni maji ya kisimani. Nilifika karibu na shule mkono umekufa ganzi. Mwalimu Deo akanifikia kwa nyuma, akakitoa chuma mkononi mwangu bila neno, akaingia nacho bandani. Heri angenitukana.

Kesho yake nilimpeleka Zainabu Ruangwa, kwa mganga wa zahanati. Alimpapasa shingo, akaniambia mtoto asitwikwe kitu kwa miezi mingi, na kwamba nimechelewa kidogo. Kidogo, alisema. Mume wangu Saidi akawa anachota maji kwa baiskeli, wanaume wenzake wanamcheka, naye anapita tu.

Mzee Nandonde hakulifunga banda. Lilijifunga. Zile kilo nane zilitembea vijiji vyote, hadi Chunyu walizungumza, na wazazi wakakataza watoto wao mmoja mmoja mpaka Mwalimu Deo akabaki na vyuma vyake na buibui. Kumi na nane na nusu haikuvuka ghala. Asubuhi nikienda bondeni niliwakuta watoto wa wale wale waliopiga kelele, foleni nzima, kila mmoja na debe lake, wengine wadogo kuliko Zainabu. Niliwasemesha mama zao. "Wewe tena, na mizani yako," waliniambia. Mwaka uliofuata mwalimu akaomba uhamisho. Nilikwenda kumuaga na kuku mmoja, nikamwomba radhi mlangoni. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, mama. Kwake yeye yalikwisha.

Fatma nimemwambia kwamba mimi siwezi kumwamulia habari ya jimu. Nenda kamwone huyo anayewafundisha, umwulize anawatazamaje watoto, kisha mkalishe mwanao umwulize panapomuuma, na akijibu umsikilize mpaka amalize. Mimi niliapa siku ile kutopeleka tena neno la mtoto hadharani kabla hajaniambia yeye, na kiapo hicho nimekishika, ila nilikiapa nimechelewa kidogo.

Zainabu sasa ni bibi kama mimi. Akija kunitazama, ukimwita kwa nyuma anageuka mwili wote. Kwa hiyo mimi simwiti. Nanyanyuka pale nilipo, magoti yakikubali, nazunguka polepole mpaka nimfikie mbele, ndipo naanza kusema.