Fremu ya Chuma na Udongo wa Majirani

Mwaka wa 1951 Wangare aliingia ua wa Darweshi, mwuza vyuma vikuukuu wa Bondeni, Nakuru, akimvuta ng'ombe kwa kamba. Kabla salamu hazijaisha akawa ameshapiga teke rundo la chuma lililokuwa chini. Darweshi akamkubali papo hapo. Mtu wa kupiga teke amekuja kununua.

"Chuma gani hiki, mzee? Chepesi kama debe."

"Debe la jeshi, mama. Nimelitoa mnadani Gilgil. Nyumba nzima, imekatwa na kutobolewa kiwandani. Wewe ni kukaza nati tu, kama kufunga vifungo vya shati."

"Vifungo nimeviona. Shati liko wapi?"

Darweshi alicheka, ingawa hakuwa mtu wa kucheka na wateja. Mjane huyu alizaliwa kwenye shamba la mzungu kule Molo, akachuma maua ya pareto humo tangu utotoni. Sasa baraza la mji lilikuwa limempa kiwanja, kwa sharti moja: baada ya mvua za masika mkaguzi akute nyumba ya kudumu. Asipoikuta, kiwanja kinarudi, na Wangare anarudi kwenye pareto.

Walivutana hadi adhuhuri. Ng'ombe akaenda kwa fremu na mabati ya paa. Mabati ya ukuta yalibaki uani, yakimngoja mtamba wake aliyekuwa amemweka kwa rafiki yake Kosgei, huko Rongai.

Fundi Omolo akaisimamisha fremu, akaezeka, na Wangare akaenda Rongai kumleta mtamba.

Huku nyuma jirani yake Wachuka aliitazama nyumba ile iliyosimama mbavu nje, akaona haya kwa niaba ya mwenyewe. Kwao mjane hakandiki peke yake, wala haombi. Aliwaita wanawake wenzake. Wakafunga fito kwenye nguzo za chuma, wakakanyaga udongo, wakaujaza ukuta kwa nyimbo.

Darweshi alipofika na lori lake la mabati, alimkuta Wangare amesharudi, anawagawia uji wanawake wenye udongo hadi viwikoni.

"Nani amekandika chuma?"

"Sisi," alisema Wachuka. "Ulimuuzia mifupa, tumeitia nyama."

"Nyama hiyo itaivunja! Nguzo hizi ni za kubeba bati, si tope."

"Mwanamume wa vyuma vya kuokota atufundishe kukandika!" Wakaangua kicheko.

Darweshi akamvuta Wangare kando. "Ubomoe ukuta huu leo, ungali mbichi."

"Niubomoe mbele ya nani, mzee? Nikiugua nani ataniletea maji? Wewe?"

Darweshi akapanda kwenye usukani. Akageuza lori na mabati yake.

Mvua haikuchelewa. Udongo ukanywa maji, ukavimba, na nguzo zile nyembamba zikapinda nje moja baada ya nyingine, matundu ya boliti yakachanika. Mkaguzi hakuingia hata ndani. Nyumba ya udongo, akasema, na hata udongo wenyewe umelala. Kiwanja kikarudi.

Wangare akaja tena uani, safari hii na mtamba.

"Chukua chuma chako, nipe ng'ombe wangu."

"Nilikupa chuma kilichonyooka, mama."

"Basi nirudishie nusu."

"Ng'ombe hana nusu."

Wangare akaketi juu ya debe kama mtu aliyekuja kufanya biashara, maana hakuwa na la kufanya jingine. Shambani Molo mfanyakazi hakuruhusiwa tena kufuga. Mtamba akaenda kwa mablanketi na sufuria. Kwa chuma kilichopinda, pamoja na paa, Darweshi akakubali kumfikisha Molo kwa lori, yeye na mizigo yake.

Darweshi alizigonga zile nguzo zikanyooka kiasi, akamuuzia mzungu wa Milimani banda la kuku. Ng'ombe wote wawili walikuwa kwake, na mmoja anakamuliwa. Wangare alipewa kibanda cha udongo kwenye safu ya wafanyakazi, na kesho yake alfajiri akaamkia pareto.