Mfuta Umande wa Chilangala

Halfani aliitwa Mfuta Umande, na wageni walidhani ni kwa sababu ya kuamka kwake alfajiri. Sivyo. Jina hilo alipewa na shemeji yake Muharami, kaka wa mkewe Somoe, kwa utani, enzi ya Mjerumani, kabla ya Maji Maji.

Bwana Shamba wa Kijerumani alikuwa ameweka juu ya gogo, pale Chilangala kwenye uwanda wa juu, tufe la kioo la kupimia mionzi ya jua. Jua likiwaka, tufe liliikusanya mionzi na kuunguza mstari kwenye kadi iliyokuwa nyuma yake. Jua likijificha, mstari ulikatika. Lakini chombo hicho hakikutulia. Ukungu wa asubuhi ulikivika umande, na tufe lenye umande halikuunguza kitu hata jua likiwa limechomoza. Kadi iliyonyonya unyevu nayo haikushika moto. Mchanga ulititia chini ya gogo, tufe likaenda upande. Halfani, Myao wa Masasi aliyehamia ukweni kwa desturi ya ndoa, aliajiriwa kufuta tufe, kukausha kadi na kunyoosha gogo.

"Shemeji, hata mwanao humfuti uso hivyo," Muharami alimcheka. "Mfuta Umande we."

Kisha ikajulikana kwamba Bwana Shamba anatafuta mahali penye jua la kutosha, alimishe watu pamba kwa nguvu. Jioni ile mkwewe, Bi Zena, ambaye kwa heshima hakusema na mkwe uso kwa uso, alipaza sauti nyuma ya ukuta.

"Somoe, mwambie mumeo, naye ananisikia, auache umande. Kioo kiseme hapa hakuna jua."

"Umesikia, baba watoto?"

"Mwambie mama nimeajiriwa kufuta. Siwezi kukifundisha kioo uongo."

"Haya. Na hiyo pamba italimwa na kioo?"

Halfani alikwenda kukausha kadi ya kesho yake. Kulipokucha alilifuta tufe likang'aa. Alijiambia kwamba anailinda kweli, ilhali moyoni alijua anachokilinda ni sifa: Bwana Shamba alikuwa akimwita fundi mbele ya watu.

Mistari ikatoka mirefu, na pamba ikaja. Muharami alichapwa kiboko kwa kuiacha pamba akapalilie mtama wa mama yake, Bi Zena. Habari za maji ya dawa zilipofika, aliyanywa, akateremka na wenzake kwenda vitani, asirudi. Tufe lilivunjwa katika ghasia hizo, na jina likabaki bila kazi yake.

Hakuna aliyemlaumu Halfani. Bi Zena hakulitaja tena jambo lile hata kupitia ukutani, na kimya hicho ndicho kilichomwelemea. Angetukanwa, angejitetea.

Uwandani hakuna chemchemi. Maji hufuatwa bondeni, na ni kazi ya wanawake. Bi Zena alipozeeka, Muharami ndiye aliyekuwa akimchotea, bila kujali vicheko. Sasa mtungi aliubeba Halfani, mwaka hata mwaka. Wanaume walipomcheka, aliwasalimu akapita.

Asubuhi moja ya ukungu alipandisha mteremko, akaumimina mtungi ndani ya gudulia lililokaa barazani kwa mkwewe.

"Somoe," sauti ilitoka ndani, "mwambie mumeo apumzike."

Hakupumzika. Alichukua pindo la shuka yake, akafuta matone yaliyotiririka ubavuni mwa gudulia, taratibu, mpaka udongo ukakauka. Kisha akalifunika kawa.