Hibridi ya Paroisse Inashuka Beni

Motokari ya paroisse, parokia yetu, ikiuzishwa, bamama ba Vuhovi batarudia kupanda pikipiki kwenda hospitali na uchungu wa kuzaa tumboni. Mimi ni mukunga kule. Najua namna ile njia inatingisha mutu. Njo sababu nilifunga safari ya Beni pamoja na Kambale, chauffeur wetu mwenye kuiendesha motokari. Motokari yenyewe ni hibridi: iko na moteur ya essence, ile petroli, na ingine ya umeme. Wenye kutuuzishia walituahidi itakunywa essence kidogo. Mais inakunywa sawa camion ya mizigo, na taa ya batterie inawaka. Comité ya paroisse ilisema, fundi wa Beni akishindwa, tunaiuzisha.

Asubuhi tulitoka Vuhovi, tukapitia Butembo. Kila mushuko, Kambale anasukuma levier ya gia ku point mort, pasipo gia yoyote, motokari inatelemuka yenyewe.

"Ni économie, mama. Siye bachauffeur ba Butembo, mushuko hatulipie."

Ku Kalunguta tulikuta barrière imefunga njia na camions mingi. Ile taa nyekundu ya batterie ikawaka tena. Mimi niliogopa, sitafiche.

Beni, jua lilikuwa kali. Fundi ni mwanamuke, Masika. Alitupatia ndizi za makemba kwanza, kisha akafungua motokari, sahani yake mukononi.

"Motokari za umeme iko namna tatu," alisema. "Hii yenu haina prise ya kuichomeka umeme: inajitengenezea umeme wakati inashuka ao inafunga freins ili isimame. Namna ya pili inakunywa essence, na unaichomeka ku prise pia. Ya tatu ni umeme tupu, hakuna tank. Kule Vuhovi courant ya umeme iko?"

"Hapana," nilijibu.

"Donc hii njo inawafaa. Ku mushuko levier iko wapi?"

"Point mort," Kambale alijibu kwa kujisifu.

Masika akaweka sahani chini. "Papa, unainyima chakula. Ku mushuko magurudumu njo inazungusha ile moteur ya umeme, inajaza batterie. Ku point mort hakuna kitu kinaingia. Halafu ku mupando, essence inabeba muzigo yote."

"Batterie imekufa?" niliuliza.

Masika akaunganisha kamashini kake ka kupimia, akasoma namba. "Iko na njaa tu. Muache kuinyima."

Alasiri tulirudi. Ku mushuko wa kwanza mukono wa Kambale ulikwenda wenyewe ku levier. Nikaita jina lake, akaurudisha. Ku wa pili, vilevile. Baba yake, naye alikuwa chauffeur, njo aliufunza ule mukono. Ku wa tatu akavua kofia, akanipa.

"Mama, funika kile kitu, nisikione."

Nikafunika levier na kofia. Ku kioo kidogo karibu na usukani, alama za batterie zikapanda pole pole, na taa ikazimika. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jua likizama, tulifika Vuhovi. Wanasema mazoea yana taabu, na Masika hakutupatia dawa ya mazoea. Dawa ilikuwa kofia. Comité ilikuwa inatungojea ku maternité, nyumba ya kuzalishia, mais mama mumoja alikuwa ndani na uchungu, mutoto amelala vibaya. Hakuna mutu aliuliza tena habari ya kuuzisha. Tulimulaza ku kiti cha nyuma. Kambale akatia levier ku D, gia ya kwenda mbele, akaifunika na kofia, tukatelemuka kwenda hospitali.