Hilaria Akataa Kuandika "Mwizi"

Hilaria wa Gendabi ana miaka arobaini na minane. Ukimwambia huo ni umri wa kulea wajukuu, atakuuliza wewe umeishia darasa la ngapi. Mimi, Paskalina, ni jirani yake, na katika darasa la watu wazima tunakaa dawati moja. Alipoanza kidato cha kwanza, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, watu walimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikamfuata.

Mwaka huu tulitakiwa kupata alama thelathini katika mtihani wa majaribio wa Kiswahili, ndipo tuandikishwe kwa mtihani wa taifa. Hilaria alipata ishirini na tisa.

Mwalimu Halfani, kijana wa Katesh mwenye adabu zake, alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Pole sana. Utajaribu tena mwakani."

"Marahaba. Mwakani nani kaniahidi? Swali la tano umenipa sifuri kwa nini?"

Swali hilo lilitoka kwenye kifungu cha ufahamu. Bwana Adamu alimpa jirani yake Yakubu ng'ombe amtunzie. Baada ya mwaka akaja ghafla, akakuta watoto wa Yakubu wanakunywa maziwa, akafoka: "Mwizi wewe!" Tuliambiwa tutaje sifa moja ya Yakubu. Hilaria aliandika: mwaminifu. Mwongozo wa kusahihishia ulisema: mwizi.

"Mwalimu, huku kwetu ukitunza ng'ombe wa mtu, maziwa ni yako. Ndama ndiye wa mwenye ng'ombe."

"Mama, ufahamu haujibiwi kwa mambo ya nyumbani. Jibu litoke kwenye kifungu."

Hapo niliona amekwama, maana kanuni hiyo ni ya kweli. Hilaria akakaa, akavaa miwani, akasoma kifungu kizima huku kidole kikifuata mistari. Darasa zima tukamsubiri. Halafu akasimama tena.

"Nani amesema Yakubu ni mwizi?"

"Kifungu, mama."

"Sio kifungu. Ni Adamu, maneno yake haya hapa ndani ya alama za kunukuu. Juzi umetufundisha mwenyewe, mhusika ana yake na msimulizi ana yake. Msimulizi hajasema mwizi popote. Kasema ng'ombe alikuwa zizini pamoja na ndama wake, mnene. Mwizi gani anakunenepeshea ndama?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, orodha ya majina inaondoka leo. Andika tu mwizi hapo, nikupe alama zako mbili, jina lako liende."

Nilimvuta gauni. "Andika, mwenzangu, tumalize!"

"Siandiki." Alivua miwani. "Mume wangu aliitwa hivyo hivyo mbele ya kijiji kizima, kwa maziwa ya namna hii hii. Wakamletea karatasi. Hakujua kusoma, akaweka dole gumba. Kumbe amekiri wizi! Mimi hapa nimeletwa na karatasi ile, Mwalimu. Kama kufaulu ni kumwita mtu mwaminifu mwizi, baki na alama zako."

Mwalimu Halfani alichukua kifungu akakisoma upya, taratibu, kana kwamba hajawahi kukiona. Kisha akakata ile sifuri, akaandika mbili, na jina la Hilaria akaliongeza kwenye orodha sote tukiona.

"Habari ya mwongozo nitaijibu mimi," alisema. Akatugeukia. "Wengine wangapi mliandika mwizi?"

Mikono yote ikanyooka. Nami nikanyoosha wangu. Hilaria akanitazama tu, na nilitamani aniseme. Asubuhi ile, kabla ya kuja darasani, nilikuwa nimekunywa chai kwa maziwa ya ng'ombe wa watu, ninayemtunza zizini kwangu tangu mwaka juzi.