Uji wa Mzee Alinanuswe

Kwa miaka mingi Tupokigwe alimpikia baba mkwe wake pale Soweto, Mbeya, bila kuuona uso wake. Wanyakyusa wengi wameiacha desturi hiyo, lakini nyumba ya Mzee Alinanuswe iliishika. Mzee akitoka uani, mkwe huingia jikoni. Chakula hukiacha mlangoni kwa mzee, na mumewe, Ambokile, hukipeleka ndani.

Mzee alipigwa kiharusi, na koo lake likalegea. Siku ya kumruhusu, nesi aliwaita Ambokile na mkewe nje ya wodi akiwa na kijiko. Maji hukimbia, aliwaambia. Hufika kabla koo halijajifunga, yakaingia kwenye mapafu. Kitu kizito hutambaa, kikampa mgonjwa nafasi ya kumeza.

"Ukiinamisha kijiko, uji ujikokote. Ukitiririka, msimpe."

Tupokigwe akalishika hilo. Hakuna bakuli lililotoka jikoni bila kupimwa kwa kijiko. Polepole mzee akapata nguvu, hata sauti yake ikaanza kusikika tena ikimwita Ambokile.

Kisha akaja wifi yake, Prisca, kutoka Iringa kumuuguza baba yake, na Ambokile akarudi kwenye biashara yake Mbalizi. Asubuhi ya kwanza tu Prisca alitoka na bakuli mkononi.

"Wifi, huu ni uji au gundi? Tunabandika mabango humu ndani?"

"Ndivyo alivyosema nesi, wifi. Mwepesi unamwingia mapafuni."

"Mgonjwa hana nguvu, nyie mnamsukumia ugali! Hebu lete hiyo chupa ya maji ya moto."

"Wifi, nakuomba."

"Unaniomba nini? Baba ni wangu. Wewe hata sura yake huijui."

Akamimina maji, akakoroga, akaingia. Tupokigwe alisogea hadi kwenye pazia la mlango.

"Unaona, baba? Unateleza wenyewe," Prisca alikuwa akisema.

Mzee akakohoa. Akakohoa tena, safari hii kikohozi cha majimaji.

"Mkalishe, wifi! Usimwongeze!"

"Kapaliwa tu. Kelele za nini?"

Tupokigwe alilishika pazia kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akikoroma kama anayezama. Hakulivuta. Heshima ni jambo jema, lakini heshima inayosimama mlangoni mtu akikosa pumzi imekwisha kuwa woga, na yeye alilijua hilo palepale, pazia likiwa mkononi. Akakimbilia simu kumwita mumewe.

Ambokile alipofika, mzee alikuwa ametulia, na Prisca akawacheka wote wawili. Homa ilipanda baadaye. Hospitali walisema ni mapafu, wakajaribu walivyoweza, na mzee akafariki.

Msibani, shangazi wa ukoo alimwonyesha Tupokigwe kwa mkono mbele ya wanawake. "Mwangalieni huyu. Mpaka mzee anazikwa, hakuwahi kumtazama. Wakwe wa leo mjifunze!"

Wanawake wakaitikia. Prisca, macho yamevimba, akamwegemea begani. "Angalau alikunywa vizuri siku zile, wifi."

Tupokigwe alikuwa akipakua uji wa waombolezaji. Aliinamisha upawa juu ya sufuria, uji ukakimbia wote mara moja. Akauchota tena, akauinamisha tena, mpaka mtu akamnyang'anya upawa.